Kimulimuli aliyekufa akaendelea kuwaka: je, ni fosforasi?

"Mtaalamu, pole na majukumu. Tunaishi Pugu, karibu na bonde. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Wiki iliyopita, mvua ilipokatika, alikamata vimulimuli kumi na wawili akawatia kwenye chupa ya maji ya plastiki, kifuniko kakitoboa matundu. Asubuhi ya pili wote walikuwa wamekufa, ila usiku ule niliona wawili waliokwisha kufa wakiwaka mfululizo, bila kuzima na kuwaka kama kawaida yao. Sasa anataka kuwasaga atoe 'unga unaowaka' kwa maonyesho ya sayansi shuleni. Jirani anasema ile ni fosforasi, ni sumu, na mimi nimepata hofu kwa sababu mdogo wake wa miaka minne alimtia mmoja mdomoni kabla sijamuwahi. Nilipofungua daftari la kaka yake la biolojia nikakuta limeandikwa kwamba nishati ya ule mwanga inatoka kwenye ATP. Nani yuko sahihi? Na wale waliokufa wanaweza kuwashwa tena?"

Nianze na mdogo. Kama wiki imepita na mtoto anakula, anacheza na hajatapika, hilo limeisha. Fosforasi inayowaka haimo ndani ya kimulimuli. Kilicho kweli ni kwamba baadhi ya vimulimuli, hasa wale wa jenasi ya Photinus wanaoishi Marekani, wana kemikali chungu ziitwazo lusibufajini, za ukoo mmoja na sumu ya chura, na mijusi wa kufugwa wamewahi kufa kwa kulishwa mdudu wa namna hiyo. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani ni nyepesi: mtoto asimle, na akimshika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula. Siku nyingine akimtia mdomoni, mtoeni, msuuze mdomo kwa maji, msimlazimishe kutapika. Akiwa amemeza, kisha akatapika mara kwa mara, akalegea, au moyo ukaenda mbio au kwa kusitasita, mpelekeni kituo cha afya bila kungoja asubuhi, na mdudu mwingine wa aina ileile muwe naye kwenye kichupa. Wala msimchanganye na yule mdudu mwembamba, mwekundu kwa mweusi, anayefuata taa wakati wa mvua na kubabua ngozi akisagwa juu yake. Huyo ni mwingine kabisa.

Sasa jirani yako. Fosforasi nyeupe kweli hung'aa gizani inapokutana na hewa, na ndiyo iliyompa Hennig Brand wa Ujerumani mshangao wake mwaka 1669. Lakini fosforasi nyeupe hushika moto yenyewe hewani kwenye nyuzi joto 30 hivi. Kwa jua la Dar es Salaam la saa saba mchana, mdudu aliyeibeba angeungua kabla hajafika kwenye jani la pili. Kitu kinachowaka tumboni mwa kimulimuli kinaitwa lusiferini. Fomula yake ni C₁₁H₈N₂O₃S₂: kaboni, haidrojeni, nitrojeni, oksijeni, na atomi mbili za salfa. Fosforasi hamna hata moja. Ipo kidogo katika kitu kingine kinachohusika, ile ATP ya kwenye daftari, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, lakini ATP imo katika kila seli yako na yangu, na hatuwaki.

Daftari nalo limepinda mahali, na hapo ningependa kijana atulie, kwa sababu kosa hili hurudiwa hata na watu wenye shahada. Ni kweli kwamba bila ATP kimulimuli hawaki. Si kweli kwamba ATP ndiyo inayotoa nishati ya mwanga. Tupige hesabu. Mwanga wake wa njano-kijani una urefu wa wimbi wa nanomita 560 hivi, na fotoni (chembe za mwanga) za rangi hiyo zinabeba karibu kilojuli 214 kwa moli. Kuvunja ATP hutoa kilojuli 30 hivi kwa moli katika hali sanifu, na ndani ya seli hai 50 au zaidi kidogo. Molekuli moja ya ATP haiwezi kamwe kugharamia fotoni moja. Kwa hiyo nishati inatoka kwingine, nako ni oksijeni.

Kazi yote inafanyikia ndani ya mfinyo wa protini moja kubwa, kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) kiitwacho lusiferasi, chenye asidi amino 550 katika kimulimuli wa Marekani aliyechunguzwa kuliko wote, Photinus pyralis. Lusiferasi hushika lusiferini na ATP pamoja, ikisaidiwa na ioni ya magnesiamu. ATP hukatwa: fosfeti mbili huondoka zikiwa zimeshikana, na kipande kilichobaki, AMP, hubandikwa kwenye mkia wa asidi wa lusiferini. Mpaka hapo ni giza tupu. Kisha oksijeni huingia kwenye kaboni iliyo jirani na mkia ule, hujikunja, humfukuza AMP na kukaa mahali pake. Matokeo yake ni pete ndogo ya pembe nne, kaboni mbili na oksijeni mbili, iitwayo dioksetanoni. Pete hiyo imebanwa kuliko inavyoweza kuvumilia, na bondi kati ya zile oksijeni mbili ni dhaifu. Inapasuka. Kaboni dioksidi inatoka, na kinachobaki, oksilusiferini, kinajikuta na nishati nyingi kwa mkupuo mmoja hivi kwamba elektroni yake inarukia ngazi ya juu. Inaposhuka, nishati inatoka kama fotoni. Huo ndio mwanga mnaouona bondeni.

ATP basi ni kama mpiga debe pale stendi: bila yeye gari halijazi wala haliondoki, lakini hakuna anayedhani ndiye anayelisukuma hadi Mbagala. Kazi yake ni kumbandika AMP, ambaye ni rahisi kufukuzwa, ili oksijeni ipate pa kukaa. Kijana akiliandika hilo kwenye bango lake pamoja na zile namba mbili, 214 na 30, atakuwa amewapita wengi.

Nipitie haraka jambo la "mwanga baridi wa asilimia mia", yaani dai kwamba hakuna kinachopotea, chote hugeuka mwanga. Mtaukuta umeandikwa kila mahali. Kipimo cha mwaka 1960 kilitoa fotoni 88 kwa kila molekuli 100 za lusiferini zilizounguzwa, na dunia ikaizungusha namba hiyo juu zaidi. Kipimo kilichorudiwa mwaka 2008 kwa vifaa bora kilitoa 41. Bado ni kikubwa mno kwa mmenyuko wa kemikali, ila asiandike mia.

Turudi kwa wale wawili waliowaka wakiwa maiti, maana ulichokiona ni ushahidi mzuri wa jinsi swichi inavyofanya kazi. Mgeuze mmoja chali chini ya taa. Utaona pingili za mwisho za tumbo, kwa upande wa chini, ni nyeupe kama nta ya mshumaa. Hapo ndipo taa ilipo. Nyuma ya seli zinazowaka kuna tabaka la chembe za asidi ya uriki linalorudisha mwanga nje, ndiyo maana mahali hapo hapaonekani peusi hata taa ikiwa imezima. Lusiferini, lusiferasi na ATP zimo mle muda wote. Kinachokosekana ni oksijeni. Hewa huingia kwa vijibomba vyembamba, lakini pembezoni mwa seli zimepangwa mitokondria, vijiungo vya seli vinavyotumia oksijeni kutengeneza nishati, zinazoimeza oksijeni kabla haijafika katikati, kwenye vifuko viitwavyo peroksisomu ambamo lusiferasi imehifadhiwa. Mdudu akitaka kuwaka, neva humwaga oktopamini, kemikali ya kupitisha amri, gesi ya nitriki oksidi inazalishwa, mitokondria zinasimama kidogo, na oksijeni inapenya. Mwako mmoja. Mitokondria zikiamka, giza.

Mdudu akifa, hakuna tena neva ya kutoa amri wala mitokondria ya kuzuia. Oksijeni inaingia yenyewe kupitia vijibomba vile, na taa inawaka mfululizo, hafifu, mpaka akiba ya ATP iishe. Kwa hiyo wale wawili hawakuwa wakimulika. Walikuwa wakivuja.

Na kilichowaua kwa kiasi kikubwa ni ukavu na joto la chupa, si kukosa hewa. Mdudu wa ukubwa ule hutumia hewa kidogo sana, na matundu ya kifuniko humkausha zaidi. Atakayewakamata tena kwa kuwatazama tu aweke kipande cha tishu kilicholowa na kukamuliwa, chupa ikae kivulini, na awaachie usiku uleule mahali alipowatoa. Mbawakawa hawa (kimulimuli ni mbawakawa, si nzi) wakishakomaa huishi wiki chache tu, na ule mwanga ndio wanaotafutana nao wapate kujamiiana. Ukimkamata jike kabla hajataga, umechukua kizazi.

Je, waliokufa wanaweza kuwashwa tena? Ndiyo, kwa masharti. Raphaël Dubois wa Ufaransa alilionyesha mwaka 1885 kwa mbawakawa mwingine mwenye mwanga, na miaka miwili baadaye kwa chaza atobowaye mawe: alitengeneza mchuzi wa baridi wa viungo vinavyowaka akausubiri uzime, akatengeneza mwingine wa moto uliokwisha kuzima, akaichanganya, mwanga ukarudi. Mchuzi wa baridi ulikuwa na kimeng'enya, wa moto ulikuwa na kile kinacholiwa nacho, yaani lusiferini. Kwa kimulimuli kuna nyongeza: kinachoisha kwanza mara nyingi si lusiferini bali ATP. Hilo lilithibitishwa na William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1947, baada ya kuwalipa watoto wa mji senti 25 kwa kila vimulimuli mia moja. Aliongeza ATP kwenye mchuzi uliozima, ukawaka.

Lakini wale kumi na wawili wako sidhani kama watafaa. Wakikaa siku mbili kwenye chupa yenye joto, vimeng'enya vyao vya kuoza huwa vimekwisha kuila lusiferasi. Anayefaa ni mdudu aliyekufa ndani ya saa chache, akawekwa friza mara moja, au akakaushwa upesi kwenye chombo kilichofungwa pamoja na vile vifuko vya chembe vinavyokuja na viatu vipya, kisha akaingia friza. Mkiokota waliokufa wenyewe, kumi wanatosha kwa jaribio zima. Sishauri kuwaua walio hai kwa ajili ya maonyesho, na mkiwa ndani ya mipaka ya msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi hamruhusiwi kukusanya bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Kama wapo hao kumi, njia ni hii, na ifanyike maabara ya shule mbele ya mwalimu. Katika mililita 100 za maji yaliyochemshwa yakapoa, yeyusheni gramu 0.25 za magnesi salfeti, ile chumvi ya Epsom ya duka la dawa, na gramu 0.2 za bikaboneti ya sodiamu, yaani soda ya kupikia. Si magadi, ambayo ni makali mno, na si hamira ya unga ya keki, ambayo ina asidi ndani yake. Wekeni kwenye barafu. Kateni pingili zile nyeupe tu, msagie kwenye kinu kidogo kilichopozwa pamoja na mililita 5 za maji hayo, mchuje kwa kitambaa. Mchuzi utawaka kidogo kisha utafifia. Subirini gizani mpaka uzime, ukiwa bado kwenye barafu.

Wakati huo tengenezeni ATP ya bei nafuu. Gramu 5 za hamira ya chenga, mililita 25 za maji ya vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha sukari, dakika 15 mpaka ifanye povu. Mwageni yote kwa mkupuo kwenye mililita 75 za maji yanayotokota, chemsheni dakika 3 mkikoroga. Ule mkupuo una sababu: hamira ikipashwa polepole, vimeng'enya vyake hupata nafasi ya kuimaliza ATP kabla havijafa. Pozeni kwa barafu ya mfuko kutoka kwa Mangi, acheni itulie, chukueni maji ya juu. Hayo maji yana asidi kidogo, hivyo ongezeni soda ya kupikia chembe kwa chembe mpaka karatasi ya kupimia ionyeshe pH kati ya 7.5 na 8.

Gaweni mchuzi wa vimulimuli kwenye mirija minne, mililita 1 kila mmoja. Kwenye wa kwanza mtie nusu mililita ya yale maji ya chumvi tu. Wa pili, nusu mililita ya maji ya hamira. Wa tatu uchemsheni kwanza dakika 2, uupoze, ndipo mtie maji ya hamira. Wa nne mtangulize tone la siki, kisha maji ya hamira. Unaotarajiwa kuwaka vizuri ni wa pili peke yake. Wa tatu umekufa kimeng'enya. Wa nne kwa kawaida hubaki giza, au mkibahatika na siki ikawa kidogo sana, mwanga huwa mwekundu hafifu, kwa sababu katika asidi ya pH 6 hivi mwanga wa lusiferasi ya kimulimuli husogea kutoka nanomita 560 hadi 620 hivi.

Mahali pa kukwama napajua. Kwanza macho: kaeni gizani dakika 15 kamili, simu zimezimwa, la sivyo mtasema hakuna kitu na kumbe kipo. Pili, mwanga hupanda mara tu ATP inapoingia na kuanza kushuka ndani ya sekunde chache, ukabaki hafifu kwa dakika kadhaa. Mtazamaji awe ameinamia mrija wakati mwenzake anamwaga. Tatu, joto. Lusiferasi hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 25 hivi na huharibika haraka ikifika 37, na chumba cha Dar mwezi wa Machi hakiko mbali na hapo, kwa hiyo mirija ikae kwenye bakuli la maji yenye vipande viwili vitatu vya barafu. Maji ya hamira yakiwa bado moto, mmeua kila kitu. Nne, mkipata ATP halisi ya maabara, ambayo ni chumvi ya disodiamu, mjue mmumunyo wake wenyewe una asidi ya pH 3 hivi. Wengi huimwaga hivyohivyo, mwanga unakufa, halafu wanalaumu wadudu. Isawazisheni kwanza kwa sodiamu haidroksidi, tone kwa tone, mpaka pH 7.

"Unga unaowaka" wenyewe haupo. Unga mkavu wa vimulimuli ni giza mpaka upate maji, na hata ukipata, unawaka kwa dakika na kuzima. Kwa hiyo kama maonyesho ni ya siku nzima na majaji wanapita muda wowote, jaribio hili litamwangusha, na ningependelea apige picha na video siku mbili kabla, aziweke mezani pamoja na mirija.

Akitaka kitu cha kuwaka papo hapo, vijiti vya mwanga vya sherehe vinavyouzwa Kariakoo ni ndugu wa mbali. Ndani kuna difenili oksaleti, haidrojeni peroksaidi na rangi. Navyo hutengeneza pete ya pembe nne inayopasuka na kutoa kaboni dioksidi, ila havina kimeng'enya wala ATP, na oksijeni yao wanayo ndani. Avunje vitatu kwa wakati mmoja: kimoja kwenye maji ya barafu, kimoja maji ya kawaida, kimoja maji ya nyuzi 50. Cha moto kitang'aa sana na kufa mapema, cha barafu kitafifia na kudumu. Asivikate kutoa majimaji, kuna vipande vya kioo na mafuta yanayowasha macho. Ila aandike wazi kwamba hicho si kimulimuli. Jaji anayejua kemia atamuuliza.

Njia ya tatu ni vijiti vya kupimia usafi vinavyotumika viwandani, ambavyo vina lusiferasi na lusiferini na hupima ATP ya mabaki ya chakula na bakteria. Mkifahamiana na mtu wa udhibiti ubora kwenye kiwanda cha vyakula, huenda akawapa vilivyopitwa na tarehe. Mwanga wake kwa kawaida hauonekani kwa jicho, unasomwa na mashine, kwa hiyo bila mashine havina faida mezani.

Mwalimu wa kemia wa shule aone mpango wote kabla hamjaanza, hasa sehemu ya kuchemsha na ile ya sodiamu haidroksidi. Kumjua mdudu wenu ni wa aina gani, hilo halifanyiki kwa picha ya simu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kina idara ya zoolojia. Nendeni siku ya kazi asubuhi na wadudu wawili, dume na jike kama wapo, ndani ya kichupa cha spiriti ya asilimia 70, na karatasi iliyoandikwa kwa penseli tarehe, saa, mahali walipookotwa, na kama walikuwa wakiruka au wamekaa kwenye majani. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.